Uvimbe wa Taya kwa Watoto

Ikiwa taya la mtoto wako limevimba na meno yake yanalegea, usiseme upesi, "Ni jino tu." Pengine ni jino kweli. Lakini pengine ni kansa ya watoto iitwayo uvimbe wa Burkitt.

Ulijulikanaje?
Katika mwaka 1957 daktari Denis Burkitt alimwona mtoto mwenye uvimbe huo katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1961 alisafiri kwa motokaa pamoja na madaktari wawili wa misheni, akiuliza hospitali kwa hospitali. Aliona kwamba ugonjwa huu hukaa katika nchi za joto zenye malaria nyingi, wala si katika milima mirefu yenye baridi. Basi sisi wa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, tunapaswa kuujua kuliko watu wa vilele vya Itombwe.

Huanzaje?
Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana. Ndani ya kila chembe mna nyuzi ziitwazo kromosomu, na juu yake mna amri za mwili, ziitwazo jeni. Katika ugonjwa huu nyuzi mbili hukatika, kisha vipande huungwa mahali pasipo pake. Kwa wagonjwa wengi ni uzi wa 8 na uzi wa 14. Hapo amri isemayo "Gawanyika!" huwekwa karibu na amri nyingine isiyolala kamwe. Chembe hugawanyika bila kukoma, na uvimbe waweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili.

Malaria ya mara kwa mara, pamoja na kirusi kilichogunduliwa mwaka 1964, huufungulia ugonjwa njia. Kirusi hicho wengi wetu tunacho, wala hatuugui kansa hii. Kwa hiyo si uchawi, si laana ya ukoo, wala mtoto hamwambukizi mwenzake kansa hii.

Dalili zake ni zipi?
1. Taya kuvimba, mara nyingi bila maumivu mwanzoni.
2. Meno kulegea au kukaa upande.
3. Jicho kutokeza nje.
4. Tumbo kuvimba.
5. Miguu kukosa nguvu.

Wengi wanaougua ni watoto wa miaka 4 hadi 9.

Ufanye nini?
Usichanje uvimbe, wala usiukande kwa dawa za majani. Kung'oa jino hakuuponyi. Mpeleke mtoto hospitali mara moja, kwa maana kungoja mwezi mmodi ni kungoja sana. Daktari atachukua kipande kidogo ili kipimwe. Ikiwa dawa hazipo pale, omba barua ya kwenda hospitali kubwa.

Hapa pana tumaini. Dawa za ugonjwa huu huua chembe zinazogawanyika upesi. Basi mbio zile zile zinazoufanya uvimbe kuwa wa hatari huufanya pia ushindwe na dawa. Watoto wengi wanaotibiwa mapema na kwa ukamilifu hupona.

Lakini jihadhari! Baada ya sindano za kwanza taya laweza kunywea kwa siku chache, nawe utaona mtoto amepona. Hajapona bado. Chembe zilizosalia zitaanza tena. Usimrudishe nyumbani mpaka daktari aseme, na kila tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi yake, umlete.