Boriti na Chokaa ya Mwili

Aliyepata kulala katika nyumba ya mawe ya pwani hii ya Waswahili, akainua macho kitandani, ameziona boriti za mikoko, aghalabu zilizokatwa katika delta ya Rufiji, kama zile ambazo kwa dahari majahazi yalizipeleka Arabuni ambako miti ya kujengea ni adimu. Na juu ya boriti hizo hushindiliwa mawe na chokaa. Mfupa wa binadamu umejengwa kwa kanuni iyo hiyo: nyuzi za protini iitwayo kolajeni ndizo boriti, hupinda kidogo bila kukatika, na madini ya kalsiamu na fosforasi ndiyo chokaa, yenye kuhimili uzito. Mwenye shaka na atwae mfupa mwembamba wa kuku, autie katika siki siku kadhaa: chokaa itayeyuka, na mfupa utapindika mkononi kama mpira. Mwingine autie motoni hadi uwe mweupe, nao utasagika vidoleni, maana boriti zimeungua.

Lakini nyumba hujengwa ikaisha, ilhali mfupa hauishi kubomolewa na kujengwa. Zimo chembe hai zinazoumung'unya mfupa mkongwe, na nyingine zinazofuata nyuma zikiweka mpya, mithili ya mto Rufiji unaomega ukingo huu na kutua udongo wake ukingo ule. Kwa mtu mzima, takriban sehemu 1 katika 10 ya mifupa hufanywa upya kila mwaka. Mwaka 1892 tabibu Julius Wolff wa Berlin alieleza kwamba mfupa hujipanga kwa kadiri ya mzigo unaoubeba. Kwa hiyo kutwanga mpunga, kuvuta kasia na kujitwika ndoo ya maji tangu ujanani ni akiba. Akiba hiyo hutimia karibu na umri wa miaka 30, kisha wabomoaji huanza kuwashinda wajenzi, na kwa mwanamke aliyekoma hedhi hushinda kwa kasi, kwani homoni ya estrojeni iliyowazuia imepungua.

Dagaa wanaoliwa pamoja na miiba yao huleta kalsiamu, na jua huleta vitamini D inayoipitisha utumboni. Watafiti waliopima damu ya Wamaasai na Wahadzabe walichapisha mwaka 2012 wastani wa nanomoli 115 za vitamini hiyo kwa lita, kiasi kinachopita cha Wazungu wengi.

Mashine ya kupima uzito wa mfupa haimo katika zahanati za delta. Hata hivyo, kuanzia 1998 wahesabu walipita nyumba kwa nyumba katika maeneo ya Ikwiriri na Kibiti, wakiandika waliozaliwa, waliokufa na waliohama. Nami natamani kila daftari la namna hiyo liulize pia nani ameanguka. Kwani bikizee wa visiwa vya delta anayeteleza matopeni maji yakitoka, akavunjika shingo ya mfupa wa paja, haungiki kwa gango tulilolizoea kwa mkono au muundi. Sharti apasuliwe, na kabla ya hapo sharti mtumbwi ungoje maji yajae, ndipo aanze safari ya bandari ya Nyamisati, na kutoka huko barabara ya Kibiti.