Mwalimu wa Watoto Wadogo Naye Asome

Mkono mmoja haulei mwana. Methali hii twaitaja tunapozungumza juu ya wazazi na majirani, lakini ni nadra kuikumbuka tunapomtazama mwalimu wa chekechea, aliye peke yake na watoto wengi tangu asubuhi hadi adhuhuri. Akikosea hana wa kumrekebisha, na akibuni jambo jema, halivuki mlango wa darasa lake. Nasi wazazi huridhika maadamu mtoto amerudi salama na ajua kuimba herufi.

Pwani yetu ina ushahidi kwamba mambo yaweza kuwa vinginevyo. Mwaka wa 1982 viongozi wa Kiislamu wa Pwani ya Kenya walimwomba Aga Khan awasaidie kuinua elimu ya watoto wa jamii yao. Baada ya uchunguzi na mashauriano, ulianzishwa Mombasa mradi wa chekechea za madrasa, uliounganisha mafunzo ya dini na mila za wenyeji pamoja na elimu ya kumwandaa mtoto kwa shule ya msingi. Bi Swafiya Said, mwalimu wa hapa hapa, alikuwa miongoni mwa walioongoza hatua za mwanzo. Mradi ulifika Zanzibar mwaka wa 1990 na Uganda mwaka wa 1993.

Wengi wausifu mradi huo kwa watoto wake. Sisi twaona siri yake ilikuwa kwa walimu. Walio wengi walikuwa wanawake wa mitaa ile ile, na hawakuwa na mafunzo ya ualimu hapo awali. Walifundishwa katika kituo, kisha mkufunzi akawafuata darasani, akatazama wanavyofundisha, na baadaye akaketi nao kuzungumzia aliyoyaona. Walijifunza kutengeneza vifaa kwa vifuu, makombe na vizibo. Walijifunza pia kumwachia mtoto apange mchezo wake, autende, kisha aeleze alichofanya. Kamati za wazazi nazo zilipewa mafunzo ya kuendesha shule.

Matunda yake yalipimwa. Utafiti wa Mwaura, Sylva na Malmberg, uliochapishwa mwaka wa 2008, uliwalinganisha watoto wa Kenya, Uganda na Zanzibar. Waliosoma chekechea za aina yoyote waliwapita waliobaki nyumbani, na wa chekechea za madrasa wakawapita wenzao wa chekechea nyingine.

Sasa tujitazame. Mtoto wetu huenda chekechea asubuhi, na jioni huenda chuoni. Ana walimu wawili, nao huenda wakamaliza mwaka mzima bila kuketi pamoja hata mara moja. Kila mmoja ana ujuzi anaouhitaji mwenziwe. Maalim wa chuoni humsikiliza kila mwanafunzi peke yake na kumsahihisha matamshi papo hapo; mwalimu wa chekechea, aliyezoea kuitikiwa na darasa zima kwa sauti moja, atafaidika na desturi hiyo. Naye mwalimu wa chekechea ajua kwamba mtoto mdogo husoma kwa vidole kabla ya kusoma kwa macho. Mtoto anayechanganya ba, ta na tha apewe kokwa za ukwaju, aziweke kama nukta chini na juu ya herufi iliyochorwa mchangani. Huenda akashika kwa siku moja alichoshindwa kwa juma zima.

Kujifunza kwa mwenzio hakumshushi mtu daraja. Nabii Musa (a.s.), pamoja na cheo chake, alifunga safari kumfuata mja aliyepewa elimu ambayo yeye hakuwa nayo.

Kwa hivyo twazipendekezea kamati za shule na za vyuo jambo moja: mara moja kwa mwezi, walimu wa mtaa waketi pamoja, wa chekechea na wa chuoni. Kila mmoja aje na jambo moja lililomshinda na jingine lililomfaa. Watembeleane madarasani pia. Habari za mtoto na za nyumba yao zisitirike humo, kwani ni amana. Kamati igharimie nauli, na wazazi tusinung'unike siku hiyo watoto wakirudishwa mapema.

Yako mengine ya kudaiwa. Katiba ya mwaka wa 2010 imeikabidhi serikali ya kaunti elimu ya chekechea, na ni haki yetu kuiuliza kuhusu mafunzo ya walimu. Lakini kaunti haiwezi kuketi kwa niaba yetu.

Wako wanaosema kwamba mwalimu akisha kusoma huhama kutafuta mshahara bora. Ni kweli, na alipwe inavyostahili. Hata hivyo, ujuzi wa mtu mmoja huondoka naye, ilhali ujuzi ulioshirikiwa na walimu wanane hubaki mtaani hata mmoja wao akiondoka. Anayefidika ni mtoto, ambaye miaka yake ya chekechea haimrudii tena.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape walimu wetu subira na elimu yenye manufaa, na atujaalie sisi wazazi kuwathamini. Amin.