Breki za ABS haziioni barabara, zahesabu magurudumu tu

Kila masika yakiingia malalamiko ni yale yale. Dereva amekanyaga breki akikaribia tuta, pedali ikaanza kutetemeka na kunguruma chini ya mguu, na gari likapita pale alipotaka lisimame. Mwengine yuko Kilifi ndani kwenye barabara ya mchanga, hakuna hata tone la mvua, naye aapa kwamba gari liliteleza mbele kana kwamba breki zimefunguliwa. Kisha wote wawili humalizia kwa neno moja: ABS ni uongo, afadhali gari la zamani.

Si uongo. Lakini pia si kile tulichoambiwa na madalali wa magari, kwamba gari lenye ABS "lasimama papo hapo". Nilisomea stashahada ya ufundi wa magari kabla kalamu haijanichukua, na naona suala hili lafaa kuelezwa pole pole, kwa sababu kutolielewa kunawafanya watu wafanye jambo la hatari zaidi kuliko tatizo lenyewe. Nitalifikia.

Tuanze na kazi yake. Gurudumu linaloviringika hushika lami na hutii usukani. Likikwama kwa breki huwa ni kipande cha mpira kinachoburuzwa: ukate kulia, ukate kushoto, gari laenda lilikokuwa likienda. ABS iliwekwa kuzuia hilo. Kila gurudumu lina pete yenye meno au sumaku, na kando yake kuna sensa inayohesabu mzunguko. Kompyuta ikiona gurudumu moja limepunguza mwendo ghafla kuliko inavyowezekana kwa gari zima, hukata shauri kwamba gurudumu hilo linakwama. Hulilegezea breki, hulikaza tena, hulilegeza tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Ule mtetemo unaousikia mguuni ndio huo. Mercedes-Benz walikuwa wa kwanza kuuza gari lenye mfumo wa kielektroniki wa Bosch wa aina hii, mwaka 1978, na lengo lililotangazwa lilikuwa dereva aweze kupiga breki na huku akikwepa kilicho mbele yake. Kusimama kwa umbali mfupi ni faida ya pili, na hupatikana zaidi kwenye lami, hasa ikiwa na maji.

Sasa tazama neno nililolitumia: kuhesabu. ABS haina macho. Haijui kama iko Nyali kwenye kabro iliyolowa, au kwenye njia ya changarawe ya kuingilia shambani. Inajua tu gurudumu lazunguka kwa kasi gani, na barabara mbovu huweza kuipa hesabu ya uongo.

Chukua barabara ya vumbi iliyojikunja kama uso wa mabati. Gari likipita hapo kwa kasi, magurudumu hayagusi ardhi wakati wote, yarukaruka. Gurudumu likiwa hewani, hakuna barabara ya kulizungusha, na breki ikilishika kidogo tu husimama. Kompyuta huona limekwama, basi hulilegezea breki. Sekunde ile ile gurudumu latua chini, na breki haipo. Yakitokea hayo kwa magurudumu mawili au matatu kwa mpigo, mguu uko chini hadi mwisho na gari bado laenda. Mara kwa mara lawama hapa si ya ABS bali ya shokabsoba zilizokufa, kwa sababu kazi ya shokabsoba ni kulirudisha gurudumu chini upesi. Gari la miaka 12 ambalo shokabsoba zake hazijawahi kubadilishwa lina ABS inayofanya kazi kwa kubahatisha.

Mchangani ni jambo jengine kabisa. Aliyewahi kusukuma mkokoteni ufukweni ajua kwamba gurudumu likikwama huzama na kukusanya mchanga mbele yake, na mchanga ule ndio unaolizuia. Gari la zamani lisilo na ABS husimama hivyo hivyo: gurudumu lakwama, lajichimbia, lajijengea kichuguu, gari lasimama. ABS hairuhusu gurudumu likwame. Basi gurudumu laendelea kuviringika juu ya mchanga au changarawe na umbali wa kusimama unakuwa mrefu. Hili si kasoro ya gari lako, ni tabia ya mfumo wenyewe, na vitabu vingi vya magari hulitaja. Sema ni nani hapa kwetu anayesoma kitabu cha gari, tena mara nyingi kimeandikwa Kijapani.

Kwenye lami iliyolowa na kwenye kabro, ABS ni rafiki. Mvua ya kwanza baada ya kaskazi huinua mafuta na vumbi vilivyolala barabarani miezi mitatu, na hapo ndipo gari lisilo na ABS hugeuka ubavu. Lakini hata rafiki hawezi kukupa mshiko ambao haupo. Tairi lililoisha meno likiwa juu ya maji, kompyuta italegeza na kukaza, nawe utaendelea kuelea.

Watengenezaji wenyewe wamewahi kunaswa na mambo haya. Februari 2010 Toyota iliita zaidi ya magari 400,000 ya haibridi duniani, mengi yakiwa Prius, kwa sababu ya ABS kwenye barabara zenye mashimo au utelezi. Gari la haibridi lina breki za namna mbili: mota ya umeme inayopunguza mwendo huku ikichaji betri, na breki za kawaida za mafuta. Dereva akiwa amekanyaga kidogo tu, akapita juu ya shimo au barafu, ABS iliamka, breki ya umeme ikaachia na ya mafuta ikachukua nafasi yake. Tatizo likawa kwenye kupokezana. Kwa mguu ule ule, nguvu ya breki ilipungua kuliko ilivyokuwa, na dereva alihisi gari limeteleza mbele kwa muda mfupi. Akikanyaga zaidi, lilisimama. Shirika la Marekani la usalama wa barabarani, NHTSA, lilikuwa limepokea malalamiko 124 lilipofungua uchunguzi, manne kati yake yakidai kwamba ajali zilitokea. Kampuni ilianza kwa kusema ni suala la hisia za dereva, kisha ikakubali kubadilisha programu ya ABS. Hakuna kipuri kilichobadilishwa, ni maagizo ya kompyuta tu.

Pwani yetu ina adui mwengine ambaye hawezi kutengenezwa kwa programu, nayo ni chumvi. Zile pete za sensa ni za chuma, zimekaa chini kabisa karibu na gurudumu, na upepo wa bahari hauzisahau. Ongeza maji ya chumvi kwenye miteremko ya feri ya Likoni, ongeza pikapu zinazobeba samaki wa barafu kutoka Shimoni zikidondosha maji njia nzima. Kutu hujaa kati ya meno ya pete, au huota chini ya sensa na kuinyanyua mbali na pete. Ishara inadhoofika, na hudhoofika kwanza gari likiwa mwendo mdogo. Kwa hivyo dalili yake ni hii: barabara kavu, lami nzuri, uko karibu kusimama kwenye foleni, mara pedali yatetemeka na gari lasogea mita moja mbele. Kompyuta imedhani gurudumu limekwama ilhali ni kutu. Huko Marekani General Motors waliita pikapu na magari makubwa karibu 800,000 mwaka 2005 kwa sababu hiyo hiyo, yale ya miaka ya 1999 hadi 2002, katika majimbo ambako barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha theluji. Sisi chumvi tunaletewa na bahari bure.

Sasa nije kwenye lile jambo la hatari. Jirani yangu Kisauni, mzee wa makamo anayeendesha teksi, alinisimamisha baada ya swala ya Alasiri akinionyesha taa ya manjano ya ABS inayowaka katika Probox yake.

"Mwanangu, hii taa yanichosha roho. Na pedali yatetemeka kila nikitaka kusimama. Fundi asema atoa fyuzi, shilingi mia tano, yaisha."

"Ami, taa itabaki hata akitoa fyuzi."

"Basi atoa na balbu."

Mafundi wengi wa kando ya barabara hufanya hivyo, na sababu yao inaingia akilini: ABS ikizimwa gari hurudi kwenye breki za kawaida, kama gari la mwaka 1985. Hapo ndipo kosa lilipo. Gari la 1985 lilikuwa na vali ya chuma iliyopunguza nguvu ya breki za nyuma, kwa sababu ukipiga breki uzito wa gari huhamia mbele na nyuma hubaki jepesi. Magari mengi ya leo hayana vali hiyo. Kazi ile imepewa kompyuta ile ile ya ABS, kupitia mfumo uitwao EBD. Ukitoa fyuzi, huenda ukawa umeondoa yote mawili. Siku ya breki kali magurudumu ya nyuma ndiyo yatakayokwama mwanzo, na gari lililokwama nyuma hugeuka likaangalia lilikotoka. Kwenye barabara ya Malindi, lori likija upande wa pili, hakuna muda wa kufikiria. Taa ya manjano ya ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida bado zipo na unaweza kwenda pole pole hadi kwa fundi. Ikiwaka pamoja na ile nyekundu ya breki, na umeshushia handibreki, liegeshe.

Gari la Ami lilipopimwa kwa mashine ya kusoma kompyuta, kosa lilikuwa gurudumu la mbele kushoto. Sensa ilivuliwa, kutu ikasuguliwa, ikarudishwa. Siku tatu taa ikarudi. Safari hii fundi mwengine aligundua kwamba beringi ya gurudumu hilo ilibadilishwa mwaka uliopita na ikatiwa kinyume. Beringi nyingi za kisasa zina sumaku upande mmoja, na sumaku hiyo ndiyo sensa inayoisoma. Ikitiwa kinyume gurudumu lazunguka vizuri kabisa, ila sensa haioni kitu au yaona kidogo. Beringi mpya, na saa moja ya kazi. Kama fyuzi ingetolewa siku ile, hakuna ambaye angejua.

Kuhusu mguu, maelezo ni mafupi. Ile desturi tuliyofunzwa ya kupiga breki mara mbili tatu kwa kuachia haifai kwenye gari lenye ABS, kwani kila ukiachia unaizuia kompyuta kufanya kazi. Kanyaga kwa nguvu, shikilia, pedali itetemeke itakavyo, na elekeza usukani unakotaka kupita. Wengi huondoa mguu wanaposikia mngurumo wakidhani kitu kimevunjika. Kwenye mchanga na changarawe hakuna ujanja wa mguu utakaokuokoa, dawa ni kupunguza mwendo kabla. Kwa kilomita 80 kwa saa gari hupita mita 22 kila sekunde, na sekunde moja ndiyo takriban unayotumia kuona hatari na kuhamisha mguu. Kwenye mabati ya vumbi, hata 50 ni nyingi.

Na hapa kuna jambo la ajabu lililoonekana Ujerumani. Miaka ya 1980 watafiti walifuatilia teksi mjini Munich, baadhi zikiwa na ABS na nyengine bila, magari ya aina moja. Idadi ya ajali ilikaribiana mno. Madereva waliopewa ABS walikuwa wakiendesha kwa ukali zaidi, wakikata kona kwa kasi na kumkaribia aliye mbele. Walichopewa na mashine walikitumia chote kwa haraka. Ukikaa dakika kumi kando ya barabara pale Mtwapa utaona hawakuwa Wajerumani peke yao.

Limebaki suala la magari ya mitumba, na hili lanikera. Kampuni ikiita magari huko Japani, barua huenda kwa mwenye gari aliyesajiliwa Japani. Gari likishauzwa mnadani na kupakiwa melini kuja Kilindini, mnunuzi wa hapa hapati barua yoyote. Sheria yetu huruhusu gari lisilozidi miaka 8, kwa hivyo Prius za 2009 na 2010 ziliendelea kuingia hadi karibu 2017, na zingine zipo barabarani leo zikiwa mkono wa tatu. Kama zilifanyiwa ile programu mpya kabla kuuzwa au hazikufanyiwa, huwezi kujua kwa kutazama rangi. Njia ni nambari ya chasi. Tovuti za watengenezaji wa Japani zina sehemu ya kuiandika na kuonyeshwa kama gari limeitwa na kama limeshatengenezwa. Ni Kijapani, ila simu yako yaweza kutafsiri. Ukiwa unanunua, mwambie dalali akupe nambari hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, ukague mwenyewe nyumbani. Kisha siku ya kulijaribu gari, washa swichi bila kuwasha injini na uitazame taa ya ABS: yafaa iwake sekunde chache halafu izime. Isipowaka kabisa, muulize balbu imekwenda wapi.