Ziwa Halizuii Tetemeko

Desemba 2009 ardhi ilitetemeka Karonga, nchini Malawi, ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Nyumba nyingi zilianguka na watu walikufa. Je, sisi wa upande huu, toka Lituhi mpaka Mbamba Bay, tunalindwa na maji?

Mwamba ukikatika chini sana, kwanza huja wimbi la kusukuma. Lina mbio sana. Nyuma yake huja wimbi la kuyumbisha. Hebu funga kamba mtini, uichezeshe kushoto na kulia. Utaona wimbi likikimbia hadi mtini, lakini kamba yenyewe inayumba kando tu. Ardhi nayo hufanya hivyo hivyo. Ukuta wa matofali mabichi hubeba uzito wa paa miaka mingi, lakini ukisukumwa kando hupasuka.

Ni kweli wimbi hili halipiti majini. Lakini chini ya maji kuna mwamba, nalo hupita huko huko.

Katika mwamba mgumu huenda kilometa 3 hivi kwa sekunde moja. Likiingia kwenye mchanga au tope hupunguza mwendo, pengine hadi mita 200. Basi hapo hubanana, kama watu wanaotoka mbio mlangoni wakati wa mbele wamepunguza mwendo. Likibanana, huyumbisha zaidi. Ukigonga bakuli la uji, bakuli hutulia upesi, uji bado unacheza.

Mwaka 1985 tetemeko lilianzia pwani ya Mexico. Mji mkuu uko mbali, zaidi ya kilometa 300. Lakini sehemu kubwa yake imejengwa juu ya tope la ziwa la zamani. Hapo majengo mengi yaliporomoka, maelfu wakafa. Mitaa iliyo juu ya mwamba haikuumia hivyo.

Kwetu mchanga na tope viko ufukoni na kwenye mdomo wa Mto Ruhuhu. Hatusemi wavuvi wahamie milimani Mbinga, maana samaki hawako huko! Lakini shule, zahanati na nyumba ya kulala zaweza kusogezwa juu kidogo, penye ardhi ngumu.

Mnapochimba choo, tazameni udongo unaotoka. Mkikuta mchanga uliolowa maji karibu na juu, jueni kwamba ukitikiswa sana waweza kulegea kama uji, na msingi ukazama. Mkigonga mwamba, kuchimba ni taabu, lakini hapo ndipo pa kujenga nyumba.