Krismasi Jinja na Mbale: Mzazi arudi, mtoto hamjui

Na Mwandishi Wetu, Busia

KWA sisi tunaoishi kwa biashara ya mpakani, Desemba ni mwezi wa kusimama kutwa. Kuanzia wiki ya kwanza, viatu vya watoto, magauni ya rangi na magunia ya mchele huvuka Busia na Malaba mchana na usiku, na mwenye kibanda akifunga mapema, majirani huuliza kama anaumwa. Siku nne za mwisho kabla ya Krismasi ndizo zinazolipa kodi ya kibanda. Watoto wa mwenye kibanda huvaa kilichobaki.

Kuna kundi jingine ambalo Desemba yao inafanana na yetu, nalo ni la wanaorudi. Waganda humwita mtu wa namna hii nkuba kyeyo, yaani mpiga ufagio, hata kama huko ughaibuni alikuwa dereva au mlinzi. Hushuka Entebbe wakitoka Muscat, Dubai, Doha au Riyadh, masanduku yamefungwa kamba, na wengi wao wana wiki chache tu kabla ya kuondoka tena.

Makundi haya mawili yana shida moja: watoto wadogo wanaowajua wazazi wao kwa sauti ya simu. Shule za Uganda hufungwa Desemba inapoanza na hazifunguliwi hadi karibu Februari, kwa hiyo watoto wana muda tele. Asiye na muda ni mzazi.

Nyumbani kwetu makundi yote mawili yalikutana Desemba 2024. Mke wangu anauza nguo za watoto Busia. Dada yangu ndiye aliyerudi, baada ya mkataba wa miaka miwili wa kazi za ndani nchini Oman. Alipoondoka alimwacha binti wa miaka minne na mvulana ambaye hakuwa ametimiza mwaka. Mama yetu ndiye aliyewalea, Mbale.

Mama aliwaleta watoto Jinja, kwa kaka yetu mkubwa anayeishi Walukuba, ili wampokee mama yao. Sanduku likafunguliwa: halua ya Oman, mwanasesere mwenye nywele ndefu, gari la kuchezea linalowaka taa. Mvulana alilichukua gari, akashukuru vizuri kama alivyofundishwa, kisha akarudi kujificha nyuma ya gauni la bibi yake. Bibi ndiye anamwita mama. Dada alimwita anti.

Dada hakusema kitu. Alikwenda jikoni, na wifi yake akamfuata.

Ukoo ulikuwa na mipango yake. Wajomba walishaulizia bei ya hema na spika, na mmoja alitaja ng'ombe. Kila familia yenye mtu aliyerudi inaujua mjadala huu: fedha za miaka miwili huweza kuliwa kwa siku moja, na anayekataa huitwa mchoyo. Mama ndiye aliyeukata. Alisema karo itolewe kwanza, kuku watatosha, na siku zilizobaki dada atembee na watoto wake. Wajomba walinung'unika hadi chakula kilipoiva.

Jinja: maji, mashua na majaketi

Krismasi yenyewe, ambayo Waganda huiita Sekukkulu, ilipita kama ilivyo kawaida: kanisa asubuhi, matoke na kuku mchana, watoto kuchafua nguo mpya kabla ya saa tisa. Mke wangu alifika usiku wa tarehe 24, miguu imevimba, na tarehe 25 nusu nzima alilala. Matembezi tuliyaanza tarehe 26.

Chanzo cha Mto Nile hakiko mbali na katikati ya mji. Mwingereza John Hanning Speke alifika hapa tarehe 28 Julai 1862, akayaona maporomoko ambayo aliyapa jina la Ripon. Mzazi asimwahidi mtoto kwamba atayaona. Yalizama lilipojengwa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954 na ambalo leo linaitwa Nalubaale. Hata Bujagali, ambako vijana wa zamani walikuwa wakiruka na madumu ili kuwafurahisha watalii, kumezama tangu bwawa la huko lilipokamilika mwaka 2012. Waliokaa nje muda mrefu bado humwambia dereva awapeleke Bujagali, kisha hushangaa kuona maji yametulia kama ziwa. Maporomoko makali yaliyobaki yapo Itanda, kaskazini zaidi, na mahali hapo kwa maoni yangu si pa kwenda na mtoto wa miaka mitatu.

Bustani ya chanzo cha mto ina sanamu ya Mahatma Gandhi, kwa kuwa sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapa mwaka 1948. Watoto hawakuijali. Walichokipenda ni ndege weusi wanaopiga mbizi na kuibuka mbali kabisa na pale walipozamia. Binti aliuliza maji yanakwenda wapi. Nikamwambia yanakwenda Ziwa Kyoga, Sudan Kusini, Sudan hadi Misri, safari ya zaidi ya kilomita 6,000. Akauliza kama yanapita kwa mama, Oman. Tukamwambia hapana, huko kuna bahari nyingine. Alionekana kuhuzunika kidogo.

Mashua zipo nyingi, na wenye mashua hushindana kuita wateja. Hapa naomba msomaji mwenye watoto anisikilize. Jaketi la kujiokolea la mtu mzima halimfai mtoto. Akiingia majini, jaketi hupanda juu na yeye huteleza chini. Tulikataa mashua mbili kwa sababu hazikuwa na majaketi madogo, na mwenye mashua wa pili alitucheka waziwazi. Acha acheke. Tarehe 24 Novemba 2018, mashua ya starehe ilizama Ziwa Victoria, upande wa Mukono, ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake, na zaidi ya 30 walikufa. Walikuwa watu wazima waliokwenda kusherehekea, na wengi hawakuvaa majaketi. Msimu wa sikukuu ndio wakati mwenye mashua hushawishika kuongeza "mmoja tu".

Mashua ya tatu ilikuwa na majaketi ya watoto. Ilikuwa ghali kidogo kuliko zile nyingine. Mvulana alikaa kwa bibi yake safari nzima, mkono mmoja umelishika gari lake.

Mchana tulikula samaki, yule ambaye Tanzania huitwa sato na hapa huitwa ngege, kisha tukatembea barabara kuu ya mji. Majengo mengi ya zamani ya Jinja yalijengwa na Wahindi, na juu ya milango mingine bado unasoma jina la ukoo na mwaka wa ujenzi. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka. Jinja, mji wa viwanda, ilinyong'onyea. Baadhi walirudi baadaye, wakiwamo akina Madhvani wa kiwanda cha sukari cha Kakira, kilichoanza mwaka 1930. Dada alisimama muda mrefu mbele ya duka moja lenye jina lililofutika nusu. Alisema Muscat alikutana na wazee wanaozungumza Kiswahili safi cha Unguja, waliotoka huko baada ya mapinduzi ya 1964, na bado wanataja mitaa ya Mji Mkongwe kama vile waliondoka jana.

Njia ya Tirinyi

Kutoka Jinja hadi Mbale tulipita Iganga, tukaingia barabara ya Tirinyi pale Nakalama, kisha Namutumba na Budaka. Ni mwendo wa saa mbili na nusu hadi tatu kama hakuna msongamano. Nauli za matatu kabla ya Krismasi hupanda mno, na mara nyingi baada ya tarehe 25 wanaotoka Kampala hupungua na bei hulegea. Mwenye uwezo wa kusubiri asubiri.

Mtoto mdogo njiani anataka vitu viwili, kula na kwenda haja, na vyote viwili havingoji steji. Tulibeba chungu cha plastiki, maji na ndizi. Kuku na gonja za kuchoma zinazopenyezwa dirishani ni tamu, lakini usimpe mtoto kitu ambacho hujui kimekaa juani tangu saa ngapi. Eneo la Mto Mpologoma, kwenye mashamba ya mpunga, mvulana alitapika. Aliyekuwa karibu ni dada, bibi yake alikuwa kiti cha nyuma. Dada alimshika, akamsafisha kwa leso yake, akamgeuza uso upate hewa. Hakulia. Alilala mapajani mwa mama yake hadi Mbale, na sisi wengine tulinyamaza tusije tukamwamsha.

Kabla ya kuingia mjini, mlima wa Wanale hujitokeza kama ukuta. Nyuma yake ndiko Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba, wenye kilele cha Wagagai cha mita 4,321.

Mbale: ngoma, malewa na mto

Tarehe zile zilikuwa bado na ngoma. Tohara ya kimila ya Wagisu, imbalu, hufanyika miaka ya namba shufwa: 2022, 2024, 2026 na kuendelea. Hufunguliwa Agosti katika uwanja wa Mutoto, lakini familia nyingi hungoja Desemba kwa sababu watoto wa shule wapo nyumbani na ndugu wa mbali wamerudi. Kijana hupakwa unga, huvaa njuga, na kundi lenye ngoma za kadodi humzungusha kwa ndugu zake. Watoto wetu waliipenda ngoma ile kuliko kitu chochote cha dukani. Ila kundi likishika moto husukumana, na mtoto wa chini ya miaka sita hana kazi katikati yake. Sisi tulisimama kibarazani kwa jirani, mvulana juu ya mabega yangu.

Jikoni kulikuwa na malewa, machipukizi ya mianzi ya mlimani yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga. Dada alisema ndicho alichokiota Oman. Binti alimfundisha namna bibi anavyoyachambua, na kwa mara ya kwanza mtoto akawa mwalimu na mama akawa mwanafunzi. Walicheka sana humo jikoni. Ukiniuliza ni tukio gani la msimu ule lililofaa kuliko yote, nitakutajia hilo, na halikugharimu nauli.

Jambo moja tulikubaliana: watoto wasicheze kando ya mito. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Mbale, ukiwamo Nabuyonga, ilifurika na kuua watu zaidi ya 20. Na mwezi mmoja tu kabla ya Krismasi yetu, tarehe 27 Novemba 2024, ardhi iliporomoka Bulambuli na kufukia vijiji. Barabara ya kwenda Sipi inapita wilaya hiyo. Kwenye gari letu kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa anapeleka magodoro kwa ndugu zake walioponea. Hakuna aliyewasha muziki.

Sipi ni maporomoko matatu, lile kubwa lina urefu wa karibu mita 100. Njia ya kushuka hadi chini huteleza. Kwa watoto wadogo inatosha kutazama kutoka ng'ambo. Baridi ya huko huwashangaza watu wa Busia, kwa hiyo sweta si anasa. Binti hakutaka kuondoka hadi amwone mkimbiaji, maana alisikia kwamba Joshua Cheptegei, aliyeshinda dhahabu ya mita 10,000 mjini Paris Agosti 2024, anatoka Kapchorwa. Tuliwaona vijana wawili wakipanda mlima mbio. Aliamini mmoja wao ndiye, na hatukumsahihisha.

Mvulana alisikia baridi. Alizunguka akitafuta pa kujificha, akaingia ndani ya leso ya mama yake, akabaki humo hadi tulipopanda gari.

Kwa wanaovuka mpaka

Wasomaji wetu wa upande wa Kenya wanajua kwamba tangu 2014 mtu mzima anaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, na kwamba Busia ina kituo kimoja cha pamoja cha pande zote mbili, kilichozinduliwa mwaka 2018. Kinachosahauliwa ni karatasi za watoto. Sisi hubeba vyeti vya kuzaliwa, na mtoto akisafiri na mjomba au shangazi, hubeba pia barua ya mzazi yenye namba ya simu. Anayekwenda Mbale moja kwa moja kutoka Bungoma, Lwakhakha ni karibu zaidi. Na anayetaka kuchanganya matembezi na biashara kidogo akumbuke kuwa cheti rahisi cha uasilia ni cha bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi dola 2,000, mitumba haimo.

Mke wangu alifungua kibanda tarehe 2 Januari. Dada alibaki hadi shule zilipofunguliwa, akawapeleka watoto darasani kwa wiki tatu mfululizo, na Machi 2025 akaondoka kwa mkataba mwingine. Tulibishana sana juu ya hilo na bado tunabishana, lakini karo ni karo.

Anapumzika Ijumaa, na hupiga simu jioni. Mvulana huinyakua simu kabla ya dada yake na kupaza sauti, "Mama!" Bibi huitika akiwa jikoni, na yule wa Muscat naye huitika.