Mji wa Gedi: Kuta Mbili na Kisima Kimoja

Watu wengi wakisikia habari za miji ya kale iliyozungukwa na kuta za mawe, hudhani kwamba miji hiyo iko Italia tu au katika nchi nyingine za mbali. Lakini msomaji akaaye Garissa aweza kuifuata barabara ishukayo upande wa Mto Tana, akapita Garsen na Malindi, na baada ya safari ya maili 200 na zaidi atafika katika mji wa namna hiyo. Jina lake ni Gedi, nao uko maili 10 hivi kusini ya Malindi, ndani ya msitu.

Mji huu hauna budi kutazamwa kwa miguu, tena polepole. Jambo la kwanza la kuonwa karibu na njia ya kuingilia ni kaburi lililoandikwa tarehe yake kwa Kiarabu: mwaka wa 802 wa Hijra, yaani 1399. Kwa tarehe hiyo twajua ya kuwa mji ulikuwa umekwisha simama wakati huo.

Kutoka hapo si mbali kufika Msikiti Mkuu, uliojengwa katika karne ya 15. Paa limeanguka, lakini nguzo zaonekana, na mihrabu ingali ikielekea kibla. Kando ya msikiti kuna kisima, na birika walimotawadha watu. Tafadhali, msomaji, ukikumbuke kisima hicho, kwa kuwa tutakirudia.

Mbele kidogo ni jumba la mtawala, lenye nyua zake na vyumba vingi. Nyumba za matajiri zimesongamana karibu nalo. Zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zikawa na vyoo ndani yake na ghala za kuwekea mali. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti zilizochukua dari.

Bwana James Kirkman alianza kuchimbua magofu haya katika mwaka wa 1948, akaendelea kwa miaka 10. Nyumba nyingine ziliitwa kwa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Sarafu za Kichina, Nyumba ya Ushanga wa Venice. Venice ni mji wa Italia. Basi tazama jinsi kitu kidogo kama ushanga kilivyosafiri kutoka huko hata kikafika katika nyumba ya Mswahili, karibu na vyombo vya kaure kutoka China.

Ukitoka katika nyumba hizo utaukuta ukuta wa ndani, na mbali zaidi ukuta wa nje, ambao kimo chake kilikuwa futi 9 hivi, nao ulizunguka ekari 45. Katikati ya kuta hizi mbili walikaa watu wa kawaida katika nyumba za udongo na makuti. Nyumba zao zimekwisha kuoza, na leo ni miti tu.

Mwanzoni mwa karne ya 17 watu waliuhama mji. Kwa nini? Wataalamu hutaja mambo kadha wa kadha. Wazimba walishambulia pwani katika mwaka wa 1589. Miaka michache baadaye mtawala wa Malindi alihamia Mombasa pamoja na Wareno. Kisha Waoromo walishuka kutoka kaskazini na mifugo yao. Jamaa za watu hao, Waorma, wangali wakichunga kando ya Tana hata leo.

Lakini yuko shahidi mwingine, ndicho kile kisima cha msikitini. Bwana Kirkman aliona dalili kwamba kilizidi kuchimbwa chini, yaani maji yalikuwa yakididimia. Mfugaji wa Garissa, Wajir au Mandera hana haja ya kuelezwa maana ya jambo hilo. Ukuta waweza kumzuia adui asiingie, lakini hauwezi kuyazuia maji yasiondoke. Na palipo kisima kikavu hapakaliki, hata pakiwa na jumba la fahari.

Katika mwaka wa 2024 Gedi iliandikwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Heshima hiyo yatuletea wajibu pia. Aendaye huko afike asubuhi kabla ya jua kuwa kali, avae viatu vya kutembelea, wala asipande juu ya kuta. Kigae akionacho chini akiache palepale, maana kikiondolewa mahali pake hakiwezi tena kutueleza habari zake. Na walimu wapatao nafasi ya kuwasafirisha wanafunzi wao wasiwaonyeshe jumba la mtawala tu. Wawapeleke na kisimani.