Mtoto Mfupi wa Kilimani na Mtoto Mnene wa Kambini

Askari wa jeshi na wa polisi,

Wengi wenu mmekwisha kuuona ule utepe mdogo wa rangi tatu ambao mhudumu wa afya wa kilima huuzungusha mkononi mwa mtoto, katikati ya bega na kiwiko. Kipimo kikiwa chini ya sentimita 11.5, ni rangi nyekundu, na mtoto hupelekwa kwa mganga pasipo kuchelewa. Kutoka 11.5 hadi 12.5 ni manjano. Kupita hapo ni kijani, na mama hurudi nyumbani akishukuru. Utepe huo umeokoa roho za watoto wengi, katika milima ya Buraza huko Gitega, katika milima ya Muyinga, na kote nchini mwetu. Lakini una upungufu mmoja, nao ndio uliotuleta mbele yenu leo. Utepe huo hutambua kukonda tu. Mtoto aliyedumaa, yaani aliye mfupi kuliko umri wake, aweza kabisa kupata kijani. Na mtoto aliyenenepa kupita kiasi hupata kijani siku zote.

Huenda baadhi yenu wakacheka kusikia unene wa watoto ukitajwa katika Burundi. Hawakukosea sana. Uchunguzi wa taifa juu ya afya na idadi ya watu uliofanywa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mwaka 2010 walikuwa 58. Yaani kwa miaka ile yote tulipunguza watoto wawili tu katika mia. Wanene walikuwa wachache mno, mmoja au wawili katika mia. Basi kwa nini kulizungumza jambo la watoto wawili, ilhali hamsini na sita wanangoja?

Jawabu ni kwamba mambo haya mawili yana chanzo kimoja, nacho ni sahani. Mtoto wa kilimani hula ugali wa muhogo au viazi vitamu, asubuhi na jioni. Tumbo hujaa, lakini mwili haupati kile kinachojenga mifupa, damu na akili: maharage ya kutosha, ndagala, yai, maziwa, lengalenga, tunda. Urefu wake husimama. Mtoto wa mjini mwenye baba anayepokea mshahara hula wali, mkate mweupe, viazi vya kukaanga na soda. Yeye pia tumbo limejaa, na yeye pia maharage na lengalenga hayaoni, kwa kuwa nyumbani kwao vyakula hivyo vimehesabiwa kuwa vya maskini. Huyo hunenepa. Wote wawili wamelishwa upande mmoja.

Tena kuna jambo zito zaidi. Wataalamu wa lishe wameona kwamba mwili uliozoea kunyimwa tangu tumboni mwa mama hujifunza kuweka akiba. Mtoto huyo aliyedumaa, siku familia yake itakapohamia mjini na kupata fedha kidogo, ndiye atakayenenepa upesi, na ukubwani ndiye atakayekuwa karibu zaidi na ugonjwa wa sukari na wa shinikizo la damu. Maana yake ni kwamba wale 56 katika mia ndio hao hao tunaowasemea.

Sasa twaja kwenu. Tangu Desemba 2007 hadi mwishoni mwa 2024 askari wetu walikuwa Somalia katika majeshi ya Umoja wa Afrika. Fedha waliyoipata huko ilijenga nyumba, ikasomesha watoto, nayo ni heshima yao. Lakini fedha hubadili jiko kabla ya kubadili elimu ya jikoni. Baba arudipo kutoka safari ndefu huleta kile anachoona ni mapenzi, na mara nyingi mapenzi hayo huwa katika chupa. Soda moja ya mililita 300 huwa na sukari karibu vijiko vinane vya chai. Mtoto wa miaka minne akipewa kila siku, ni vijiko zaidi ya hamsini kwa juma. Jirani humwona na kumsifu: ameng'aa, baba yake ana kazi! Hata mimi nimewahi kumsifu mtoto wa rafiki yangu hivyo hivyo, wala sikudhani nasema neno baya.

Je, serikali za mitaa zinafanya nini? Juu ya unene wenyewe, katika Burundi juhudi yote imeelekezwa kwenye udumavu, na ni haki iwe hivyo. Lakini tazameni jinsi kazi hiyo inavyofanywa. Kina mama wenye watoto walioonekana dhaifu hukutana kwa siku kumi na mbili nyumbani kwa mama mmoja wa kilima hicho hicho, ambaye watoto wake wanakua vizuri ingawa naye si tajiri. Huyo huitwa mama wa nuru. Kila mmoja huleta alichonacho shambani, hupika pamoja, huwalisha watoto pamoja, na watoto hupimwa uzito siku ya kwanza na siku ya mwisho. Hapa haletwi mgeni wa kuwahutubia watu. Anayefundisha ni jirani, na darasa lake ni chungu. Maarifa hayo ya chungu yangemfaa mke wa sajini aliye mjini Gitega sawasawa na mkulima wa Buraza.

Ugumu uko kwenye utawala. Sheria ya mwaka 2023 ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5, na tarafa kutoka 119 hadi 42. Muyinga sasa imo katika mkoa wa Buhumuza. Tarafa zimekuwa kubwa, na kiongozi wake yuko mbali zaidi na kila chungu. Kazi ya lishe itasimama au kuanguka katika kilima, na kambi nayo ni kama kilima.

Kwamba mji mdogo waweza kulishinda jambo hili, upo mfano. Huko Ufaransa kaskazini, katika miji miwili midogo, Fleurbaix na Laventie, walianza mwaka 1992 kuwafundisha watoto wa shule habari za chakula. Kwa miaka mingi masomo hayo peke yake hayakupunguza unene. Ulipungua pale tu baraza la mji, waganga, wenye maduka na viongozi wa michezo walipoingia wote. Mwaka 2004 watoto wanene huko walikuwa karibu 9 katika mia, na katika miji jirani iliyolinganishwa nao karibu 18. Somo la ubaoni halikutosha hata katika nchi tajiri.

Kambi ina mambo ambayo baraza lolote la mji lingeyatamani: uwanja, amri inayosikilizwa, ardhi ya bustani, na kantini ambayo mkuu wake aweza kuamua kitakachouzwa. Jumamosi askari hushiriki kazi za pamoja na wananchi. Kusawazisha kiwanja cha michezo cha shule ni kazi ya asubuhi mbili. Na maharage ambayo kila kuruta huyanung'unikia ndiyo yaliyombeba katika mazoezi yote. Ajabu ni kwamba akipandishwa cheo huyafukuza mezani kwa watoto wake!

Tangu mwaka 2006 matibabu ya mtoto aliye chini ya miaka mitano ni bure katika vituo vya serikali. Kwa hiyo mama ampelekapo mtoto kituoni, aombe urefu na uzito vipimwe pamoja na kuandikwa katika kadi, hata kama utepe umesema kijani. Mwenye miaka sita au saba hayumo katika huduma hiyo. Mwaka 2025 shirika la UNICEF lilitangaza kwamba duniani, kati ya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19, wenye unene wa kupindukia wamewazidi kwa mara ya kwanza wenye uzito pungufu, ingawa Afrika yetu ya kusini mwa Sahara bado haijafika hapo. Mtoto wa umri huo hapa kwetu hapimwi na mtu, isipokuwa kwa macho ya mwalimu wake na ya baba anapokuwa likizoni.